Goti Lililoombewa

Ukipeleka mgonjwa wako ng'ambo, Bujumbura au kwingine kokote, usitoke mbele ya munganga kabla hajakuonyesha kwa mwili wake mwenyewe kile alichokisema kwa mdomo. Akisema mgonjwa alale hivi, mwambie alale yeye kwanza umwone. Usisikie haya. Haya ndiyo iliyomharibia Mama Pontien mguu, haya pamoja na Kifaransa cha bwana wake. Na mguu ule ulipokuwa ukiharibika, nyumba yao ya Rugenge, mtaa wa Uvira, ilikuwa imejaa watu kutoka asubuhi mpaka magharibi, na wote walikuwa watu wazuri.

Jina lake la ubatizo ni Geneviève. Alikuwa anauza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa, sokoni, na goti lake la kuume lilikuwa limekwisha, mfupa unasaga mfupa, hata ukiketi karibu naye unalisikia likilia kama bawaba isiyo na mafuta. Mtoto wake mkubwa, Pontien, anayefanya kazi mbali huko kwenye baridi, alisema atalipia operasyo, na akalipia. Wakamvusha Bujumbura, wakatoa goti la zamani, wakamtilia la chuma.

Siku ya kuruhusiwa kutoka kitandani, munganga Havyarimana alikuja kuwaona. Kwa mifupa alikuwa fundi kabisa. Ila ulimi wake, kama wa wengi waliolelewa kwa Kirundi, haukuona sababu ya l na r kuwa vitu viwili.

"Monsieur," alimwambia Basile, bwana wa mgonjwa, "le genou, il faut prier. Matin, midi, soir, prier!" Akaendelea kwa Kifaransa hicho hicho kwamba wasipofanya hivyo asubuhi, mchana na magharibi, goti litakufa na pesa ya mtoto itakuwa imezikwa.

Alitaka kusema plier, ndiyo kusema kukunja. Kilichotoka ni prier, ndiyo kusema kusali. Na kwa bahati mbaya, wakati anasema, alikuwa anasugua viganja kwa ile dawa ya kuua vidudu, viganja vimekutana mbele ya kifua, na macho ameyafumba kidogo kwa uchovu wa kazi.

Sasa, Basile hakuwa mtu wa kupitwa na r. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, akazeekea katika kazi hiyo, na watoto wa Runingu na wa Uvira walikuwa wameacha ngozi ya vidole kwenye rula yake ya mbao kwa sababu ya herufi hizo mbili. Mtoto akisema "la lue" badala ya "la rue," ndiyo kusema barabara, anaitwa mbele, ananyoosha vidole. Kwa hiyo Basile aliliamini sikio lake kuliko sikio la mtu yeyote. Alisikia r, safi kabisa, imeiva.

Kirundi walikuwa nacho wote wawili, munganga na mwalimu, tele, tangu kwa mama zao. Lakini mwalimu akisimama mbele ya munganga hawezi kuongea Kirundi kama mtu aliyekuja kununua mbuzi.

"Amesema nini?" Geneviève akauliza toka kitandani.

"Amesema tusali."

"Na dawa?"

"Dawa ziko. Lakini goti lenyewe ni la kusali. Asubuhi, mchana, magharibi. Bila hiyo linakufa."

"Basi huyo ni munganga mwenye Mungu," Geneviève alisema, na akatulia. Wengine wote waliomtibu walikuwa wamemwambia vidonge tu.

Kine, yule anayewafundisha wagonjwa kunyoosha na kukunja viungo, alikuwa aje kesho yake. Lakini jioni ile habari ilienea hospitalini kwamba Bukavu imeanguka, askari wanashuka na bonde la Ruzizi wakikimbia, mpaka utafungwa. Basile akasema wakingoja kine watazeekea Burundi. Wakavuka wakarudi Uvira, goti likiwa limenyooka juu ya siti ya taksi kama abiria wa pekee.

*

Marcellin, mkubwa wa shirika lao la Kikristo, kikundi cha majirani wanaosali pamoja, alikuwa ameshaombea wagonjwa wa kila namna, lakini hajapata hata mmoja aliyeandikiwa sala na munganga kama anavyoandikiwa dawa.

"Ni sala yenye ordonansi!" alisema, na macho yake yakawa na maji. "Mwalimu, unaelewa heshima hii? Ni ya shirika lote!"

Kuanzia hapo wakawa wanakuja. Asubuhi walikuja wakati wa chai, mchana wakati wa bugali, magharibi wakati sombe, yale majani ya muhogo, inateremshwa motoni. Geneviève aliwekwa katikati ya saloni, chumba cha wageni, juu ya godoro, mguu umenyooka juu ya mto wenye kitambaa cheupe cha maua, kile cha Noeli. Kila aliyeingia aliliwekea goti mkono kwanza, ndipo akamsalimia mwenye goti.

Bella, binti yao wa mwisho, ndiye alikuwa anapika. Alipika mpaka harufu ya moshi ikaingia katika nywele zake.

"Mama Pontien, usitikisike," Mama Iradukunda wa nyumba ya pili alimwambia. "Mgonjwa wa heshima hatikisiki. Kama unataka kitu, sema tu na macho."

Kulikuwa na kitu kimoja ambacho hakisemwi na macho. Litania ikiwa katikati, Geneviève akavuta nguo ya Bella. Bella akaleta beseni, akasimamisha kitenge kama pazia, na wanaume wa shirika, kwa adabu yao, wakapandisha wimbo juu sana ili wasisikie. Jirani wa njia ya pili, aliposikia wimbo umepanda ghafla, alijua nini kinaendelea. Mtaa mzima ulijua. Geneviève alikuwa mwanamke aliyesimamia meza yake sokoni na kutukanana na polisi wa soko bila kuinamisha kichwa. Sasa alikuwa anakojoa kwa wimbo.

Alichotaka hakikuwa kikubwa. Alitaka kwenda choo peke yake. Choo chao kiko nyuma ya nyumba, cha shimo, na cha shimo hakiendeki bila kuchuchumaa, na kuchuchumaa hakuwezekani bila goti. Alijiambia, siku nitakapofika pale peke yangu nikafunga mlango, siku hiyo nimepona. Ndiyo ilikuwa sala yake, hakumwambia mtu.

Asubuhi moja, wengine bado wamelala, alilikunja kidogo. Likauma sana. Lakini chini ya yale maumivu kulikuwa na utamu kidogo, kama mtu anayekuna mahali panapowasha. Akalikunja tena.

"Uko unafanya nini?" Basile ameamka.

"Linataka kujikunja, Papa Pontien."

"Linataka! Tangu lini chuma inataka kitu?"

"Minye ndiyo niko nalo mwilini, si weye."

"Munganga alisema tusali. Hakusema tucheze. Unataka kuvunja kitu mtoto alichonunua?"

Akainuka, akaenda kwenye sanduku lake la shule, akatoa ile rula ya mbao. Akaiweka nyuma ya mguu, akaufunga mguu na rula pamoja kwa kitambaa, taratibu, kwa upendo kabisa, ili goti lisijikunje hata katika usingizi. Na Geneviève, aliyezoea kuona rula ile ikiogopwa na watoto wote wa bonde, naye akaacha mguu ufungwe.

Pontien alipiga simu kutoka kwenye baridi. Mtandao ulikuwa mbaya, sauti inakatika.

"Papa, mama anafanya egzersisi?"

"Anafanya! Egzersisi za kiroho, asubuhi, mchana na magharibi!"

"Za nini?"

Simu ikafa. Vita ilikuwa imeshaangusha nguzo mahali fulani.

*

Bella ndiye aliyeona paja la mama yake linakonda, na goti linakuwa gumu na la kung'aa kama kitako cha chupa. Akamwambia baba yake, "Papa, yule dada wa Kasenga aliyevunjika mguu alilazimishwa atembee hata akilia."

"Yule alivunjika. Huyu alifanyiwa operasyo. Usichanganye mambo."

"Basi tumwite munganga tumuulize."

Basile alikubali, kwa kuwa siku ile saloni ilikuwa imejaa, na ilikuwa zamani watu hawajasikia Kifaransa chake. Simu ikashika laini ya Burundi. Akaiweka kwa sauti kubwa, akajikohoza.

"Docteur, c'est Basile, l'époux du genou," ndiyo kusema bwana wa goti.

"Ah! Elle prie?" Sauti ya munganga ilijaza saloni, kwa r ile ile, ikiuliza kama anasali.

"Beaucoup, docteur! Elle prie beaucoup!"

Marcellin, kusikia kwamba mgonjwa anasali sana, aliinua mikono juu. Bella, aliyekuwa mlangoni na mwiko, naye alisikia neno lile lile. Prier. Akaona aibu kwamba alimshuku baba yake.

Munganga akauliza wanafika ngapi. Kwa waganga wa viungo, goti linapimwa kwa nyuzi. Mtu akiketi kitini vizuri, goti lake limekunjika nyuzi tisini. Basile akafunika simu kwa mkono. "Anauliza tunafika ngapi."

"Rozari moja ni Salamu Maria hamsini," Marcellin akajibu haraka.

"Cinquante, docteur!"

"Oh, ni kidogo!" munganga akapaza sauti kwa Kifaransa, Basile akiwatafsiria watu. "Il faut nonante! Bila nonante hataweza kuketi, hataweza hata choo! Mkazane, hata akilia. Mtu amshike. Lazima alie kidogo!"

Kisha mtandao ukakatika, na watu wakatazamana kama waliosikia sauti kutoka juu ya mlima.

"Nonante," Marcellin akanong'ona. "Tisini. Na tulikuwa tunamwibia mgonjwa arobaini kila mara!"

"Alisema choo," Geneviève alisema kutoka chini. "Nimesikia Papa Pontien akitafsiri. Alisema nikifika tisini nitaenda choo?"

"Alisema, mama," Bella akajibu.

"Basi salini," akasema.

Wakasali. Salamu Maria hamsini za rozari, na arobaini za kuongeza. Mama Iradukunda alipewa kazi ya kumshika mabega, na wengine wakawa wanamchungulia usoni kama machozi yanakuja, kwa sababu munganga alisema lazima alie. Siku ya kwanza machozi yalichelewa, wakaanza upya. Siku zilizofuata hayakuchelewa tena. Mguu uliofungwa rula mchana na usiku unauma, na kulala chali katikati ya watu wanaotafuna kunauma kwa namna yake.

"Ameanza kulia!" Marcellin alitangaza nje. "Nonante imeshika!"

*

Vita iliingia Uvira asubuhi, shirika likiwa limefika kwenye Salamu za kuongeza. Risasi zikalia upande wa Kavimvira, kisha karibu, kisha bati la jirani likapigwa na kitu. Marcellin alikuwa amepiga magoti mbele ya mto wa maua. Hakuna aliyemwona akiinuka. Walimwona tayari juu ya ukuta wa nyuma, na magoti yake yote mawili yalikunjika vizuri sana. Mama Iradukunda aliondoka na sahani bado mkononi. Kwa muda wa kufumba na kufumbua, katika ile saloni iliyokosa nafasi siku zote, walibaki watu watatu na mguu mmoja.

"Tumupandishe pikipiki," Bella alisema.

Wakapata mtu wa pikipiki, naye alikuwa na haraka kuliko wao. "Mama, kunja mguu."

"Haikunji."

"Sasa nabeba muntu ao nabeba mulingoti?"

Walimpandisha upande. Mguu ukatoka nje kama mti wa bariere unaofunga barabara. Ukapiga kikapu cha mwanamke, ukapiga mbuzi, ukampiga mzee mmoja aliyewalaani mpaka kona. Njiani walikuwa watu wa Runingu na magodoro vichwani, wanatoka walikokimbilia wenzao jana, wanakwenda walikotoka wengine. Mwenye pikipiki akasimama. "Mama, utaniua mbele ya vita kuniua. Shuka tu." Akamshusha, akaenda zake. Wakaendelea kwa miguu mitano, Geneviève katikati akiwashikilia, akiurusha mguu wake kwa pembeni kila hatua.

Karibu na mpaka kulikuwa na vijana wenye bunduki. Wa upande gani, hakuna aliyeuliza. Siku zile ukiuliza unajibiwa.

"Wote magoti chini! Magoti chini!"

Barabara nzima ikashuka. Marcellin alikuwa pale mbele, ameshapiga magoti muda mrefu, shati limetoka. Basile akapiga magoti. Bella akapiga moja, mkono wake ukiwa umemshika mama. Akabaki amesimama mtu mmoja tu katika barabara yote, yule aliyeombewa goti kuliko wote.

"Weye mama! Hausikie?"

"Nasikia, mtoto wangu. Goti haikunji."

"Haikunji juu ya nini, sababu gani?"

Basile akajibu kutoka chini, kwa sauti ya mwalimu. "Iko na chuma ndani."

Chuma, katika midomo ya watu wa wakati ule, ni bunduki. Bunduki tatu zikamgeukia Geneviève.

"Hapana, hapana! Alifanyiwa operasyo!"

"Operasyo gani ya askari? Na kina nani?"

"Ya Bujumbura!"

"Papa, nyamaza," Bella alisema. "Nakuomba nyamaza." Akainua kitenge cha mama yake mpaka juu ya goti, mbele ya barabara nzima, mbele ya Marcellin. Geneviève aliangalia mbinguni. Hata machozi ya ordonansi hayakuja.

Kijana mmoja akainama. Akaona kovu refu, limepona vizuri. Akaona kitambaa, na kitu kilichofungwa ndani yake. Akakivuta, kikatoka.

"Hii ni nini?"

"Rula," Geneviève alisema.

Kijana aliigeuza. Upande mmoja ilikuwa imeliwa na miaka, na kulikuwa na doa la wino wa zamani. Akatazama vidole vyake mwenyewe, kisha akamtazama mzee aliyepiga magoti.

"Mwalimu Basile?"

Basile akainua kichwa, nusu kwa hofu, nusu kwa ile furaha ya mwalimu anayekumbukwa.

"Nyoosha vidole, mwalimu."

"Mtoto wangu..."

"Nyoosha. Kusanya hivi, kama ulivyotufundisha." Akampiga mara moja, si kwa nguvu sana. "Hiyo ni ya la lue." Wenzake wakacheka mpaka mmoja akaegemea bunduki yake. Kijana akamgeukia Geneviève na sauti ikabadilika. "Mama, nani alikufunga hii kitu mguuni?"

Geneviève akageuza macho kwa bwana wake. Kila mtu alikuwa anamwangalia Basile.

"Na weye, mama, alikupiga?" kijana akamwuliza, akasikitika kweli. "Piteni. Rula inabaki."

*

Huko Bujumbura, munganga Havyarimana alilishika goti kwa mikono miwili akajaribu. Likaenda kidogo, likakwama, kama mlango uliovimba na mvua. Akajaribu tena. Geneviève akalia kwa sauti, na sasa hakuna aliyefurahi.

"Mlifanya nini nyinyi?" munganga aligeuka, ametoka jasho. "Nilisema prier! Nilisema mpaka nonante!"

"Tulifika, docteur," Basile akasema, vidole bado vimevimba. "Kila mara nonante. Hatukukosa hata siku moja, hata risasi zilipolia."

"Nonante ya nini?"

"Ya Salamu Maria."

Munganga alimtazama. Akamtazama Geneviève, akamtazama Bella. Kisha koti lake jeupe na vyeo vyake vyote vikashuka sakafuni, akachuchumaa, akainuka, akachuchumaa tena, akipiga magoti yake mwenyewe kwa viganja. "Prier! Prier! Namna hii!" Na Kifaransa kilipomwishia, akapiga kelele kwa Kirundi: "Guhina! Guhina!"

Guhina ni kukunja. Mtoto anayetambaa bondeni anaijua.

Basile alificha vidole vyake nyuma ya mgongo.

"Munganga," Geneviève aliuliza polepole, "hiyo Kirundi ulikuwa nayo siku ile?"

"Mama, mimi ni Mrundi."

"Na weye, Papa Pontien? Ulikuwa nayo?"

Basile aliangalia ukuta.

"Mungelisema hivyo," Geneviève akasema, "hata minye ningelisikia."

Walimlaza usingizi wa dawa, wakalilazimisha goti. Likapatikana kidogo, kiasi cha kupandia ngazi moja, si cha kuchuchumaa. Munganga alisema muda ulikuwa umepita, na hakusema kosa ni la nani, kwa kuwa kila mmoja alikuwa analijua kosa la mwenzake.

Uvira ilipotulia kidogo walirudi Rugenge. Marcellin alifika wakati wa chai. Alitaka shirika litoe shukrani, maana mgonjwa alivuka vita na mguu wake akiwa hai. Geneviève alimpokea kwa heshima zote, akampa kiti, akamwambia, "Mkubwa, salini kwenu. Kwangu mtakunywa maji." Marcellin alikunywa maji, akakumbuka ana kazi.

Choo ni kile kile cha shimo. Basile alikichongea kiti cha mbao chenye tundu, kizito, na kila asubuhi anakibeba mbele, mkewe nyuma kwa fimbo. Anakiweka juu ya shimo, lakini ili kisicheze lazima mtu apige magoti kwenye ile sakafu yenye maji, ashike miguu ya kiti na kuipachika sawasawa. Basile naye amezeeka. Magoti yake yanalia. Anashuka nusu, anajaribu kukisukuma kwa mguu.

Geneviève anasimama mlangoni, mguu umenyooka, anangoja. Hagombi. Anamwambia kwa Kirundi, ili asikie vizuri, akunje zaidi. Kisha anaongeza neno moja la Kifaransa, r haimo, hakuna la kukosea.

"Nonante, mwalimu."

Na mwalimu anashuka.